Chagua maji kwanza, fimbo itafuata

Homa mpya imeingia Kolwezi. Mshahara ukitoka, kijana wa poste anakwenda soko kutafuta fimbo ya kuloba samaki yenye mulinete. Simu imemuonyesha mzungu amesimama mu mto mpaka magoti, anarusha uzi mrefu nyuma na mbele juu ya kichwa, na yeye anataka paka ile.

Mimi sipingi. Mfanyakazi anayepumzika kando ya maji anarudi mgodini na akili safi, na pengine bukari ya jioni inapata samaki asiyetoka mu frigo. Ni afazali kuliko falanga kuishia mu chupa. Kile ninachopinga ni kununua fimbo mbele ya kujua utaipeleka ku maji gani. Ni sawa na kununua buti bila kupima mguu.

Tuanze na ile ya simu. Ni kuvua kwa inzi wa bandia. Inzi huyo ni manyoya yaliyofungwa juu ya ndoano, hana uzito wowote. Juu ya ile, uzi wenyewe unatengenezwa mnene na mzito, na ndio unaombeba inzi mpaka mbele. Fimbo na uzi vina namba, na namba zinapaswa kulingana: karibu na 5 kwa samaki truta wa mito ya baridi, 8 ao 9 kwa mbenga mwenye meno, na urefu wa kawaida ni karibu metre 2.70. Ukitia uzi wa namba 5 ku fimbo ya namba 9, havitasikilizana. Mulinete yake, kwa samaki wadogo, kazi yake kubwa ni kutunza uzi. Akishika mbenga, breki inakuwa na maana, na mbele ya ndoano unatia waya wa chuma, kwani meno yake yanakata nailoni.

Ni kazi nzuri, lakini si ya kuanzia hapa kwetu. Truta ni samaki wa maji ya baridi. Wazungu walimleta Kenya mwaka 1905 na kumtia mu mto Gura, ku milima ya Aberdare, juu kule kuna baridi. Mu Lualaba yetu hayuko. Tena kurusha uzi ule kunataka nafasi wazi nyuma yako, na kando ya maji yetu kumejaa matete na miti. Mwanafunzi atashinda siku nzima anatoa inzi mu majani.

Maji yetu makubwa ni ziwa Nzilo. Ziwa hili ni mtoto wa mgodi: ukuta wake ulijengwa juu ya Lualaba mwanzo wa miaka ya 1950, wakati ule ukiitwa Delcommune, ili Union Minière ipate umeme. Mu maji yaliyotulia namna ile, mwanzo anatafuta tilapia karibu na matete, na kambale chini ku matope, zaidi usiku.

Kwa tilapia, fimbo ya kwanza ni mwanzi mkavu wa metre 3 ao 4, bila mulinete. Funga nailoni ku ncha, kaelezo kadogo, ndoano na munyoo ao kadonge ka bukari. Usicheke. Mwanzi utakufundisha kusikia samaki anapogusa, na hilo hakuna mulinete inayolifundisha.

Ukitaka kutupa mbali, ao kutafuta kambale, sasa nunua fimbo ya metre 2.10 mpaka 2.40 na mulinete ya kawaida, ile inayokaa chini ya fimbo. Ukubwa unaoandikwa 3000 ao 4000 unatosha. Nailoni ya milimetre 0.25 mpaka 0.30 ni ya tilapia, 0.40 na kupita ni ya kambale. Ku ndoano kumbuka kwamba namba zinakwenda kinyume: namba 10 ni ndogo, namba 2 ni kubwa.

Mbele ya kulipa, fanya kazi ya ukaguzi kama unavyokagua mashine mwanzo wa poste. Zungusha mkono wa mulinete: ikilia ama ikicheza, iache. Kaza breki, vuta uzi, kisha legeza: uzi utoke polepole, bila kurukaruka. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo, kwani pete inayoshika pamba itakata uzi. Zile fimbo zinazoingiliana kama antena ya redio ni nyepesi kubeba ku moto, lakini mchanga unaingia mu viungo na zinavunjika pale. Vipande viwili ni afazali. Na nailoni iliyoshinda juani ku meza ya soko imekwisha kuoza hata kama ni mpya. Mimi ninasema: mwanzo asipitishe bei ya mfuko mmoja wa unga wa kilo 25. Watoto wanakula mbele ya mulinete.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi. Fimbo ya kaboni inapitisha umeme. Sisi tuko inchi ya nyaya kubwa za umeme na ya radi za masika. Usipite na fimbo imesimama chini ya waya, na mvua ikianza kunguruma, ilaze chini na uende mbali. Chukua ya fibre ya kioo: ni nzito kidogo, lakini inavumilia kugongwa, na bei yake iko chini.

Wengine watasema: fimbo ya nini, mustikere inabeba samaki wengi kwa mara moja. Ndiyo, na inabeba hata vitoto ambavyo vingekuwa samaki wa mwaka ujao. Dawa iliyo ndani yake inaua samaki, na usiku mtoto wako analala bila chandarua, malaria inamngoja. Ndoano inachagua samaki. Mustikere haichagui.

Sasa nirudi ku neno langu la kwanza, maji. Luilu unaingia Musonoi, Musonoi unaingia Lualaba. Kila mtu wa Kolwezi anajua viwanda gani viko kando ya mito hii. Shaba kidogo tu mu maji inatosha kuumiza samaki, na metali iliyoingia mu mwili wa samaki haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Inajikusanya zaidi mu maini, mu figo na mu mashavu anamopumulia. Kwa hiyo usivue chini ya mfereji wa kiwanda, wala pale maji yamebadilika rangi, na tumbo la samaki tupa lote. Jirani zetu wa Zambia waliona mwezi wa pili mwaka 2025: ukuta wa bwawa la taka la mgodi mmoja wa Chambishi ulibomoka, asidi ikaingia mu mito inayokwenda Kafue, samaki wakafa wengi.

Ndiyo sababu fimbo ni jambo la sendika pia. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka masaa 45 kwa juma, na siku ya kupumzika si zawadi ya shefu. Wajumbe wetu wanakaa mu komite za usafi na usalama. Pale waombe kitu kimoja cha wazi: matokeo ya vipimo vya maji yanayotoka kiwandani yabandikwe kila mwezi ku mlango, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kila mfanyakazi na kila mama wa mtaa asome.

Mtu mwenye fimbo anakaa kando ya maji masaa mengi. Anaona samaki akielea, anaona povu, anasikia harufu. Akiona, aandike siku, saa na mahali, apige picha, aletee mjumbe wake. Mulinete nzuri kupita zote haitoi samaki mu maji yaliyokufa.