Bunduki ya Upepo ya Zamani na Vipuri Vyake

Juma hili twaingia katika karakana. Wako watu wenye bunduki ya upepo ya zamani, urithi wa baba au wa babu. Chuma chake kingali kizima, mti wa kitako bado ni mzuri, lakini ikifyatuliwa kidonge chaanguka hatua chache tu mbele. Mwenyewe husema: imekufa, na huitupa darini au huiuza kama chuma chakavu. Sisi twasema asifanye haraka. Mara nyingi kilichokufa ni kipande cha ngozi kisichozidi upana wa sarafu.

Tuchukue mfano mmoja, maana bunduki hizi ni za aina nyingi mno: Diana namba 27, kazi ya kampuni ya Mayer & Grammelspacher, iliyoanzishwa mwaka 1890 katika mji wa Rastatt, Ujerumani. Mtutu wake hukunjwa kuelekea chini, na kwa kukunjwa huko pistoni husukumwa nyuma na springi hukazwa, mpaka ishikwe na mtambo wa kifyatulio. Hakuna hewa iliyowekwa akiba ndani yake. Ukifyatua, springi huikimbiza pistoni mbele, hewa iliyo ndani ya silinda hubanwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nayo hupenya katika kitundu chembamba na kukisukuma kidonge. Basi hewa hiyo ikipata njia nyingine ya kutokea, nguvu imepotea.

Njia ya kwanza ni pale mtutu unapoungana na silinda, penye pete ndogo ya ngozi. Kuijaribu ni rahisi. Tia kidonge, weka kipande cha karatasi ya shashi juu ya maungio, elekeza bunduki mahali salama, kisha fyatua. Karatasi ikirushwa, pete imechakaa. Isiporushwa, kosa li ndani zaidi, kwenye kikombe cha ngozi kinachofunika kichwa cha pistoni.

Lakini kabla ya kuagiza kipuri chochote, yakupasa kuijua bunduki yako kwa jina lake la kweli. Hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha, na sababu yake ni habari ya vita. Ilipokwisha vita kuu ya pili mwaka 1945, mji wa Rastatt ulikuwa chini ya Wafaransa. Mitambo ya kiwanda ilichukuliwa kuwa fidia ya vita, ikafika kwa kampuni ya Millard Brothers, yaani Milbro, huko Scotland, pamoja na haki ya kutumia jina la Diana katika Uingereza. Wajerumani wakaanza tena kutengeneza bunduki mwaka 1950, lakini zile walizopeleka Uingereza ziliitwa “Original”, kwa kuwa jina lao wenyewe lilikuwa mikononi mwa wengine. Hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1980. Marekani nako bunduki hiyo hiyo ya Rastatt ilivaa majina mengine: Winchester 427 ni Diana 27, na Hy-Score 807 ni Diana 27.

Kwa hiyo ziko bunduki mbili zenye jina moja na namba moja, moja ya Scotland, moja ya Ujerumani, na vipuri vyake si vya kubadilishana ovyo. Usitegemee picha ya yule mwanamke mwindaji anayeinua bunduki na kuutupa upinde wake. (Ndiye Diana wa Warumi, ambaye Waefeso katika Matendo ya Mitume walimwita Artemi.) Tazama nchi iliyochapwa juu ya chuma. Tazama pia kama pana tarakimu za mwezi na mwaka, maana bunduki nyingi za Rastatt za baada ya vita zinazo. Ndipo umwandikie muuzaji. Huko Uingereza na Ujerumani wako wafanyabiashara wanaoishi kwa vipuri vya bunduki za zamani tu, na wengine hununua bunduki zilizovunjika ili wazichambue kipande kwa kipande.

Kikombe cha ngozi hakihitaji kuagizwa. Fundi wa viatu mwenye subira aweza kukitengeneza. Achague ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, nene kama milimita tatu au nne, isiyo na nyufa. Aikate mviringo mpana kuliko silinda, ailoweshe majini mpaka ilegee, kisha aibane kwa jiliwa kati ya bomba la upana wa silinda na kigingi cha mti, hata ipate umbo la kikombe. Iachwe humo ikauke yenyewe, wala isiwekwe motoni, kwani ngozi iliyoharakishwa hupasuka. Ikikauka, kingo hukatwa kwa wembe, tundu la skrubu hutobolewa katikati, na kikombe hulowekwa katika mafuta ya kwato za ng'ombe usiku kucha. Kinapoingia katika silinda kiwe kinakaza kidogo, lakini kiteleze. Kazi hii yaonekana nyepesi kuisoma. Kwa kweli vikombe viwili vya kwanza huenda vikaishia jalalani, na hapana hasara, maana ngozi ni rahisi.

Kufungua bunduki ni jambo la hatari, na hapa twataka vijana watusikilize. Hata isipokunjwa, springi iliyo ndani imekazwa kiasi. Pini ya mwisho ikitolewa bila kitu cha kuizuia, sehemu ya nyuma yaweza kuruka na kupiga jicho au meno. Mafundi hutumia kibanio kirefu chenye skrubu, huzuia springi kwanza, ndipo hulegeza pole pole. Tena mtutu ukiwa umekunjwa usiguse kifyatulio kamwe. Mtutu hurudi kwa kishindo, waweza kukata kidole, na mara nyingi hupinda wenyewe au huupasua mti.

Anayefungua Diana 27 ya Rastatt ya baada ya vita atakuta jambo jingine: mtambo wa kifyatulio hushika pistoni kwa gololi tatu ndogo. Zikidondoka zikapotea, bunduki haitashika tena. Fungua juu ya kitambaa cheupe, na unapozirudisha zigandishe mahali pake kwa grisi nzito.

Springi yenyewe ibingirishe juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, imepinda. Kwa kuagiza nyingine pima unene wa waya, upana wa nje, upana wa ndani na urefu, kisha hesabu mizunguko. Wauzaji hupenda kusifu springi yenye nguvu zaidi. Hatuoni faida yake: huupiga mtambo wa kale kwa nguvu usioijua, na hulegeza skrubu zote. Tena iko sheria. Huko Ujerumani, tangu mwaka 1970, bunduki ya upepo isiyopita jouli 7.5 hupigwa alama ya F ndani ya umbo la pembe tano, na anayeipitisha kiasi hicho aingia katika sheria nyingine. Kila nchi ina amri zake, yaulizwe mapema.

Neno juu ya mafuta. Wengine humimina mafuta ya mashini katika kitundu cha hewa, wakafurahi kusikia mlio mkubwa na kuona moshi. Huo ni moto. Hewa ikibanwa ghafula hupata joto kali, nalo joto huyawasha mafuta, kama katika injini ambayo Rudolf Diesel aliikamilisha mwaka 1897. Bunduki haikuundwa kwa hilo, na springi huvunjika upesi. Ngozi yataka matone mawili ya mafuta yake, kisha bunduki isimame usiku mmoja mtutu juu, mafuta yapate kushuka.

Ikiisha kufungwa, vidonge ishirini au thelathini vya kwanza vitakwenda huku na huku, na moshi kidogo utatoka. Ngozi mpya yajizoeza na silinda. Usiguse skrubu za shabaha mpaka moshi ukome.