Hakimu Asiye Mwanasheria

Wako wasomi waaminio kwamba haki haiwezi kutolewa ila na mwenye shahada ya sheria. Hiyo ni kasumba. Huko Uingereza, wanakopenda kuchukua mifano, zaidi ya asilimia 90 ya kesi za jinai humalizwa katika mahakama za mahakimu, ambamo wengi wa mahakimu ni wa kujitolea. Hupewa mafunzo mafupi na mlezi mzoefu, kisha huketi watatu watatu, angalau siku 13 kwa mwaka, bila mshahara. Mwanasheria huwashauri tu. Hukumu ni yao.

Kasoro iko katika uteuzi. Sheria ya ajira ya 1996 humlazimisha mwajiri kumpa hakimu huyo ruhusa, haimlazimishi kumlipa. Na fidia ya serikali ina kikomo. Kibarua ataachaje ujira wake? Ndiyo maana wengi wa mahakimu hao wamevuka miaka 50, na vijana wanaohukumiwa huwatazama kama wageni.