Tajiri, kifuatiliaji umefunga, geji ya joto iko wapi?

Wadau, leo nina ugomvi na matajiri wa bodaboda.

Tajiri anamkabidhi kijana Boxer au TVS kwa mkataba. Kabla haijaingia kijiweni, wapo ambao wameshaifunga kifuatiliaji ili wajue iko wapi. Sawa, mali ni yao. Lakini injini ikinoki, kijana ndiye analipa, eti "ameiunguza". Nauliza: ameiunguza kwa kipimo gani? Kwenye dashibodi kuna mshale wa spidi na wa mafuta. Wa joto haupo!

Injini hizi hazina rejeta. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, pamoja na oili. Sasa pakia abiria na gunia, upande kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa gia ndogo: kazi kubwa, upepo kiduchu. Au simama kwenye foleni ya Dar saa nane mchana huku inanguruma. Ongeza oili iliyopungua na tope lililoziba mapezi. Dereva atajuaje? Kwa harufu, na kwa mguu kuungua. Hapo pistoni huenda imeshaanza kukwaruza silinda.

Dawa ipo: sensa ya pete inayokaa chini ya plagi, waya, na kijisanduku kwenye usukani. Ila ifungwe kwa akili. Pete ilingane na uzi wa plagi, uwe wa milimita 10, 12 au 14. Waya wa sensa usifungwe pamoja na waya wa plagi, namba zitarukaruka, wala usiguse eksozi. Umeme utoke baada ya swichi, na fyuzi iwepo.

Halafu onyo lenyewe. Usinakili namba ya pikipiki ya mtu mwingine. Sensa ya chini ya plagi inasoma kichwa cha silinda, ya kwenye oili inasoma oili. Namba hizo si ndugu. Hakikisha pikipiki ni nzima, iendeshe wiki moja, mlimani na kwenye foleni, uandike joto la juu kabisa. Tuseme ni nyuzi 160, basi weka onyo 175. Ukiliweka chini sana, taa itawaka kila saa na dereva ataizoea. Ukiliweka juu sana, itawaka baada ya msiba. Na iwe taa nyekundu inayoonekana juani, si tarakimu peke yake, maana macho ya dereva yana kazi barabarani.

Ikiwaka: kaa pembeni, zima, subiri ipoe, angalia oili. Usimwagie maji ya baridi, chuma kinaweza kupinda au kupasuka.

Najua nitajibiwa: "Geji ni gharama." Na pistoni, ringi na kuchonga silinda ni bure? Wengine watasema wameendesha miaka yote bila geji. Kweli, na miaka yote anayelipa ni kijana, huku hesabu ya siku ikimsubiri palepale.

Msimamo wangu ni huu: pikipiki isiyo na geji ya joto, mkataba wake usiwe na kipengele cha kuunguza injini. Huwezi kumhukumu mtu kwa joto ambalo ulikataa lipimwe.

Tafakari.