Kiti Kimefika Mlangoni Tu



Kila Ramadhani sisi wa Nakuru tunajitahidi. Kuanzia Bondeni mpaka Gilgil na Naivasha vijana wanachanga, kiti cha magurudumu kinanunuliwa, kinapelekwa makao ya wazee, dua inasomwa, picha inapigwa, tunarudi nyumbani kufuturu. Alhamdulillah. Lakini usiseme sadaka imefika. Imefika mlangoni tu.

Hivi viti vya kurekebisha, vya mgongo kulala na miguu kuinuka, si kama stuli ya kukalia mtu yeyote. Kuna makao niliyotembelea nikakuta mzee amelazwa kwenye kiti tangu asubuhi, mshipi umemkaza kiunoni. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa, "Ndio asisumbue." Sidhani yule mlezi alikuwa na roho mbaya, yeye alikuwa mmoja na wazee ni wengi. Lakini tuliite jambo kwa jina lake. Mshipi wa kumsaidia mtu akae vizuri ni usalama. Mshipi wa kumzuia asiondoke ni kumfunga. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Kifaa kikishageuzwa kamba, haki gani hiyo?

Tena kuna madhara ya mwili. Mgongo wa kiti ukilazwa peke yake, mtu anateleza mbele pole pole, ngozi ya makalio inavutwa, na kidonda kinaanzia hapo. Asiyeweza kujisogeza lazima asogezwe mara kwa mara, na akalie mto wa maana, si kipande cha godoro kuukuu. Halafu kiti kikilala uzito unahamia nyuma, kwa hivyo kwenye mteremko ni rahisi kupinduka. Na njia zetu mnazijua, vumbi na mawe.

Sasa futari. Usimpe mzee tende wala uji akiwa amelala nyuma, atapaliwa. Mwinue kwanza, ale, na umwache wima kama nusu saa baadaye. Najua umekuja na haraka ya kuwahi Taraweh, lakini hii haina njia ya mkato.

Na swala je? Mtume (SAW) alimruhusu Imran bin Huswayn aswali ameketi akishindwa kusimama, kwa hivyo kiti hakimtoi mtu kwenye ibada. Ila mtu akiinama kwa rukuu na sujudi uzito unaenda mbele, kiti kinaweza kumwangusha kifudifudi. Funga breki, na geuza yale magurudumu madogo yatazame mbele, kiti kinatulia zaidi. Wakati wa udhu panguseni maji sakafuni. Na mtu anapotoka kitini, inua kwanza pale pa kuwekea miguu. Akipakanyaga, kiti kizima kinamfuata.

Jambo moja wengi hawalijui: breki za viti vingi hubana tairi, kwa hivyo tairi ikiisha upepo breki haishiki hata ukiivuta vipi. Fundi wa baiskeli pale mtaani anaweza kuliona hilo kwa dakika mbili. Mbona tusimbebe kwenye msafara pamoja na mpiga picha? Wallahi mimi naona fundi ana kazi zaidi.

Kupima ni kazi ya mtaalamu. Hospitali ya kaunti ina watu wa tiba ya viungo, na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu hupokea maombi ya vifaa. Nendeni na mzee mwenyewe ama mlezi wake, mkadai. Hiyo ni haki, si kuombaomba. Lakini wa kwanza kuulizwa awe yule atakayekikalia: panakuuma wapi? Mzee anajibu, tatizo letu ni kuongea na mlezi juu ya kichwa chake.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kutuma mchango wa kiti kipya, pigia simu makao unayoyalenga. Uliza ni viti vingapi vimewekwa stoo kwa sababu ya tairi, breki ama mto. Hivyo vitengenezwe kwanza, halafu andika hapa chini umeambiwa vingapi.