NASABA YETU KATIKA MADAFTARI



Ndugu wasomaji, sisi watu wa Pwani hatukuwa na jina la ukoo kama linavyotakiwa katika fomu za serikali. Tulikuwa na mlolongo: fulani bin fulani bin fulani. Karani alipodai jina moja la mwisho, ndugu mmoja alitoa la baba, mwingine la babu. Leo ndugu hao, baba mmoja mama mmoja, waonekana katika karatasi kama watu baki. Siku ya kugawa mirathi hilo si jambo dogo. Mwenye haki aweza kukosa haki yake.

Kwa hivyo utafutaji uanzie nyumbani. Wazee waulizwe wangali hai: majina hadi babu wa nne, upande wa mama pia, na mtaa waliokaa. Tufunue kurasa za mwanzo za Misahafu ya zamani, kwani wengi waliandika humo siku za uzazi na za vifo. Tarehe hizo aghalabu ni za Hijria. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882.

Kisha twende ofisini. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Pretoria ina majalada ya mirathi ya iliyokuwa Transvaal. Ndani yake mna taarifa ya kifo, fomu iliyouliza wazazi wa marehemu, alikozaliwa, mume au mke wake, na watoto wake. Jina litafutwe kwa kila tahajia: Juma, Jumah, hata Jooma. Cheti cha ndoa tusikitegemee mno. Ndoa nyingi za Kiislamu hazikuandikishwa serikalini, na ni mwaka 2022 tu Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba kutozitambua ni kinyume cha Katiba. Daftari la imamu aliyefungisha nikahi laweza kuwa ndilo shahidi pekee.

Wenye asili ya Unguja wasiisahau Hifadhi ya Nyaraka iliyoko Kilimani, penye hati za mashamba, nyumba na wakfu. Wa Mombasa waulizie katika mahakama ya kadhi.

Lakini karatasi isiaminiwe peke yake. Tuwatazame ndugu zetu wa Durban waitwao Wazanzibari. Wahenga wao waliokolewa utumwani na kushushwa Natal kuanzia mwaka 1873. Wengi wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Jina la Zanzibar walilipata kwa njia waliyopitia. Daftari huweza kutaja bandari, likanyamaza kuhusu kijiji. Kijiji hukijua bibi.

Tunawanasihi basi, mwezi huu kila nyumba iandike mlolongo wake katika karatasi moja, majina kamili, pamoja na jina la mzee aliyeusimulia. Nakala moja ikae hapa, ya pili ipelekwe kwa jamaa nyumbani. Qur'ani imetuamrisha kuwaita watu kwa baba zao. Na awaite vipi asiyewajua?

Wabillahi tawfiq.