Flashi Isiyofunguka Si Flashi Iliyokufa



Kompyuta ya ofisi ya msikiti wetu ni kongwe. Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, tulibaki na mashine nzima isiyotimiza masharti ya Windows 11. Fedha za kununua mpya hazikuwepo, na za mayatima haziguswi. Kamati ikaafiki tuweke Linux, mfumo usiolipiwa.

Kazi ilikamilika Alkhamisi baada ya Alasiri. Baada ya Isha tukachomeka flashi yenye orodha ya mayatima na hesabu za ada zao, ambazo zilipaswa kugawiwa kesho yake. Jina la flashi likatokea, lakini tulipoibofya, kompyuta ikakataa kuifungua. Ikatoa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba huenda aina ya mpangilio wa mafaili si sahihi, au kumbukumbu za mwanzo za diski ni mbovu.

Kijana anayetusaidia akasema, "Ustadhi, hii imekufa. Tuifomati, angalau tuendelee kuitumia."

Mzee wetu mweka hazina akainua mkono. "Subiri kwanza, mwanangu. Humo mna majina ya watoto wa watu."

Kauli hiyo ndiyo iliyotuokoa, kwani tunakiri mbele yenu kwamba hatukuwa na nakala nyingine. Kufomati ni kuifuta ramani inayoonyesha kila faili lilipo na kuanza upya. Aliyefomati hajatengeneza kitu; amehamisha watu ili apake nyumba rangi.

Tulianza kwa kuuliza swali dogo: je, kompyuta inaiona flashi? Katika Linux, hufunguliwa dirisha la kuandikia amri, kisha huandikwa lsblk -f. Orodha ya diski zote ikatokea, na flashi yetu ikiwemo, pamoja na aina ya mpangilio wake: NTFS. Tukapumua. Laiti isingetokea kabisa, tungeshuku tundu la kuchomekea au flashi yenyewe. Kwa kuwa imeonekana, tatizo lilikuwa katika kupokelewa kwake.

NTFS ni mpangilio wa mafaili uliobuniwa na Microsoft. Windows inapoandika ndani yake, huweza kuacha alama ya kwamba kazi inaendelea, na huiondoa flashi inapoagwa vizuri. Ikichomolewa ghafla, alama hubaki. Windows ikiikuta tena, mara nyingi huifungua hivyo hivyo. Linux za karibuni, kwa tahadhari, huweza kukataa, zisije zikaharibu kilichoachwa nusu. Kwa hiyo mfumo mpya haukuleta maradhi, uliyafichua. Ni sisi tuliokuwa tukiichomoa flashi kwa haraka kila jioni, adhana ikikaribia.

Asubuhi ya Ijumaa tuliipeleka kwa jirani mwenye kompyuta ya Windows. Ikafunguka. Kabla ya lolote, tulinakili mafaili yote. Kisha tukabofya alama ya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukaingia kwenye sifa zake, tukachagua sehemu ya zana na kuiamuru ikaguliwe makosa. Ukaguzi ulipokwisha, tukaiaga kwa utaratibu, ndipo tukaichomoa. Tuliporudi ofisini, Linux ikaifungua bila neno, na baada ya Sala ya Ijumaa kila mtoto akapata haki yake.

Ndugu zetu, jambo hili halihusu ofisi pekee. Katika nyumba zetu, flashi ndizo zilizobeba picha za harusi, sauti za wazazi waliotangulia na vyeti vya watoto. Mnapobadilisha mfumo wa kompyuta, nakilini kwanza, tena mahali pawili. Flashi ya kutumika katika mifumo mbalimbali ni vyema iwe na mpangilio wa exFAT. Microsoft iliweka hadharani maelezo yake mwaka 2019, na mwaka huo huo Linux ikaanza kuupokea ndani ya kiini chake. Mpangilio wa zamani wa FAT32 nao hufunguka karibu kila mahali, ila haupokei faili moja linalofikia GB 4. Kubadili mpangilio nako ni kufomati, basi kufanyike baada ya kunakili.

Jihadharini pia na upande wa pili. Flashi iliyopangwa kwa namna ya Linux ikichomekwa kwenye Windows, huweza kuulizwa kama mnataka kuifomati. Jibuni hapana. Swali hilo halina maana kwamba flashi ni tupu. Lina maana kwamba Windows haijui kuisoma.

Amana haipotei kwa wizi peke yake. Hupotea pia kwa kidole chenye haraka. Tangu siku ile, flashi ya msikiti haichomolewi kabla ya kuagwa, na nakala ya pili iko kwa mzee wetu mweka hazina.

Wabillahi tawfiq.