Nyumba ya Muislamu: Reale Zilizo Kashani



Mama mmoja wa Mji Mkongwe alitujia na kifuko alichorithi kwa bibi yake, ndani yake mna reale 27. Muuza vitu vya kale mmoja alimwambia kuwa zote ni bati tupu, akataka kuzinunua kwa bei ya bati. Wa pili akamwambia kuwa zote ni fedha ya zama za Sayyid Said. Naye mama alitaka kujua mambo mawili: thamani yake ni nini, na je, zimemwajibikia zaka? Maswali haya yote hayajibiki mpaka kwanza ijulikane fedha iliyomo ni kiasi gani.

Reale hii ina sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wazee wetu wa Unguja waliifanyia biashara, hatta wakia, kipimo chao cha uzito, ikawa ni uzito wa reale moja. Waliiamini kwa sababu haikubadilika: uzito wake ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1000, fedha ni 833, na iliyobaki karibu yote ni shaba. Basi fedha safi iliyo ndani yake ni gramu 23.39.

Tulianza kwa sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Reale moja ikarukia, tukaiweka kando. Walakini msidanganyike, enyi vijana: shaba nayo haivutwi. Sumaku yaweza kuhukumu iliyo mbovu, haiwezi kutoa ushahidi wa iliyo njema.

Kisha tukatazama ukingo. Reale ya kweli ina maandishi ya Kilatini yaliyozunguka ukingoni. Ya kughushi mara nyingi ina alama ya mshono wa kalibu. Tukapima uzito, zote 26 zikawa karibu sawa. Ikabaki mizani ya maji, elimu ambayo mwanachuoni Al-Khazini aliieleza katika kitabu chake Mizan al-Hikma mwaka 1121, ili madini safi yatenganishwe na yaliyochanganywa.

Njia yake ni nyepesi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara, uirudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge reale kwa uzi mwembamba, uizamishe yote bila ya kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Reale ya kweli huonyesha karibu gramu 2.75, ya shaba na nikeli yenye uzito ule ule huonyesha zaidi ya 3, kwa kuwa madini hayo ni mepesi kuliko fedha na huhitaji nafasi kubwa zaidi. Hapo ikafichuka ya pili. Zikabaki 25. Mwenye shaka bado na aende kwa sonara mwaminifu, aijaribu kwa jiwe na tindikali. Ama kuisugua kwa ukwaju na jivu, usifanye: huipunguzia thamani.

Sasa tazameni jambo lililo zito zaidi. Reale zote zimeandikwa 1780, hatta zilizopigwa Vienna katika karne yetu hii. Basi muuzaji aweza kukupa fedha ya kweli, kisha akakughushi kwa ulimi, akisema ni ya kale na hali ni ya juzi. Mizani ya maji haipimi ulimi. Kadhalika sarafu za kumbukumbu: shilingi 5 ya mwaka 1971, ya miaka 10 ya Uhuru, ni nyeupe na yang'aa, nayo ni ya shaba na nikeli, walakini za mwaka 1974 zenye twiga na kifaru, za shilingi 25 na 50, zilipigwa kwa fedha. Anayeijua khabari hii na akanyamaza mbele ya mnunuzi asiyejua, na akumbuke jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono wake katika chungu ya chakula sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea mwenye kuuza.

Ama zaka, nisabu ya fedha ni dirhamu 200, na wanavyuoni wengi wa leo huikadiria gramu 595. Katika madhehebu yetu ya Shafi huhesabiwa fedha safi tu, si shaba iliyochanganyika nayo. Reale 25 zina fedha safi gramu 585, hazikufika. Lau zingelikuwa 26 za kweli, zingefika. Basi mama yule, ikiwa hana akiba nyingine ya kujumlisha nazo, reale hizo hazikumwajibikia zaka. Angeliwasadiki wale wawili, mmoja angelimnyang'anya mali yake, na wa pili angelimfanya ajihesabie mali asiyo nayo.

Alizirudisha zile 25 kifukoni. Mbili za bandia tulimshauri asizitoe tena mkononi mwake kwa jina la fedha, hatta kwa mtoto. Uwongo ulioingia nyumbani kwa urithi usitoke kwa biashara.

Wabillahi tawfiq.